Namna ya kuandika riwaya ya upelelezi ya vijana kwenye shule ya bweni ufukweni mwa Ziwa Victoria

Riwaya nyingi za upelelezi wa shuleni hufia mahali pamoja. Mwandishi anaanza na mwanafunzi aliyetoweka, anajaza sura kumi za hofu na minong'ono, kisha anafika sura ya ishirini yeye mwenyewe hajui nani alifanya nini. Hapo mhalifu anakamatwa kwa bahati, anakiri kila kitu kwa hotuba ya kurasa nne, na msomaji wa miaka 16 anafunga kitabu akijua amepigwa changa la macho. Kinga yake ni kuanza na jibu. Na jibu lenyewe liwe la mahali hapo hapo, lisiweze kuhamishiwa Iringa au Tanga bila kuvunjika.

Mfano wetu ni shule ya kubuni ya wasichana, kidato cha kwanza hadi cha sita, kwenye rasi ya majabali upande wa Igombe na Kayenze, kaskazini mwa jiji la Mwanza. Jina la shule libuni mwenyewe, halafu litafute kwenye orodha za matokeo ya Baraza la Mitihani, ambazo hutaja shule kwa majina. Likionekana humo, badilisha. Unaandika kitabu kinachotuhumu uongozi wa shule, na hakuna mkuu wa shule anayependa kusoma hivyo akiona jina la geti lake.

1. Andika siri kabla ya fumbo

Chukua karatasi moja ambayo haitaingia kitabuni. Andika kilichotokea kweli, kwa tarehe, bila kuficha chochote. Katika mfano wetu: msimamizi wa stoo na mjumbe mmoja wa bodi wananunua mabondo ya sangara (vibofu vya hewa vya samaki huyo) yaliyoibwa viwandani, wanayakausha kwenye maabara ya zamani iliyofungwa, na kuyavusha usiku kwa mtumbwi. Kiranja wa maabara, msichana wa kidato cha sita, aliona. Usiku mmoja akaondolewa shuleni, na asubuhi mstarini ikatangazwa kwamba amehamishwa.

Mabondo yanafaa kuliko mitihani iliyovuja, ambayo imeshachosha. Ni mepesi, yakikauka yanakaa muda mrefu, na bei ya kilo moja inaiacha mbali minofu ya sangara huyo huyo. Begi moja la mgongoni lina thamani ya kutosha kumfanya mtu mzima mwenye heshima zake aongope mwaka mzima.

Sasa iulize siri yako maswali matatu. Nani anafaidika? Nani anajua lakini amenyamaza, na kwa nini? La tatu ndilo linaloua hadithi nyingi: kwa nini mwanafunzi asiende tu kusema? Jibu lipatikane kwenye maisha ya bweni. Simu ni marufuku, na ya pekee inayoruhusiwa iko chumbani kwa matroni, unaongea mbele yake. Msichana unayetaka kumtafuta amezushiwa kwamba aliondoka na ujauzito, kwa hiyo kumuulizia ni kumwongezea aibu. Na baba yako bado anadaiwa ada.

Usianze na maiti. Mwanafunzi akikutwa amekufa, kesho yake polisi wako getini, ofisi ya elimu imefika, wazazi wamekodi Noah tangu alfajiri, na shule inafungwa. Mpelelezi wako anarudishwa nyumbani sura ya tatu. Anza na kitu kidogo kisichoelezeka. Kwetu ni tranka. Mwanafunzi anayehama huondoka na tranka lake. Hili limebaki kwenye chumba cha matranka, jina limepakwa rangi nyeupe ubavuni, kufuli ni jipya lakini hapsi imekunjwa na kunyooshwa. Ndani kuna shuka mbili, mche wa sabuni uliokatwa nusu, na sare iliyofuliwa. Mtu aliyeondoka kwa hiari hawezi kuacha sare safi na kuondoka na chafu.

2. Chora ramani, kisha pima kwa dakika

Ramani iwe na geti, kibanda cha mlinzi, madarasa, bwalo, mabweni, nyumba ya matroni, zahanati, maabara mpya, maabara ya zamani, njia ya ziwani na mwalo wa wavuvi upande wa pili wa jabali. Kisha kila njia iandikie dakika zake, mchana na usiku. Mita 300 za njia ya mawe ni kama dakika 4 mchana. Gizani bila tochi, kwa mtu anayeogopa kuteleza na kusikika, weka 7 au 8. Mwandishi asiyefanya hivi humpeleka mpelelezi wake ziwani na kumrudisha kati ya kengele mbili zilizoachana dakika kumi, na msomaji aliyewahi kulala bweni anacheka.

Ratiba ndiyo injini ya kitabu. Iweke ukutani: kengele ya kuamka saa 11 alfajiri, usafi, mstarini, vipindi, chakula cha mchana, michezo, chakula cha jioni, prepo (kujisomea usiku) kuanzia saa 1:30 hadi saa 4 usiku, kuhesabiwa bwenini saa 4:20, taa kuzimwa saa 4:30. Ukiipitia utaona mianya miwili tu ya usiku: dakika 20 kati ya prepo na kuhesabiwa, na muda baada ya taa kuzimwa mpaka mlinzi aanze mzunguko wake. Matukio yote ya siri yaingie humo. Ukihitaji mwanya wa tatu, ulipie: umeme ukatike, au mwanafunzi apate zamu ya jikoni.

Hapa angalia saa ya jua. Mwanza iko magharibi mwa Dar es Salaam kiasi kwamba jua linachomoza na kuzama kama dakika 25 baadaye. Asubuhi ya Mwanza inapambazuka kati ya saa 12 na nusu na saa 1, na jua linazama karibu saa 1 kasoro jioni. Kwa hiyo kengele ya saa 11 inalia kwenye giza totoro, na wasichana wanafagia kwa saa nzima kabla ya mwanga. Mtu anaweza kukosekana kwenye ufagiaji huo na asionekane.

3. Ziwa litoe ushahidi

Tenga siku kadhaa kwa kazi hii, kwa sababu ndiyo itakayotofautisha kitabu chako na vingine.

Anza na mwezi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku wa giza, na taa zao zikijipanga huonekana kama mji mwingine majini. Usiku wa mbalamwezi mpevu wengi hubaki nchi kavu, maana taa haina nguvu ya kuvuta dagaa mwezi ukiangaza. Basi taa ikionekana ziwani usiku wa mwezi mpevu, msichana aliyekulia Ukerewe atajua kuna kitu hakiko sawa, na aliyetoka Dodoma ataona ni uvuvi tu. Lakini kuwa mwaminifu: wavuvi wa sangara nao hutega na kukagua nyavu usiku, na tochi moja inaweza kuwa yao. Mpelelezi lazima aondoe uwezekano huo kwanza, kwa mfano kwa kuona kwamba taa haizunguki kwenye maboya, inakuja moja kwa moja ufukweni na kuzimwa.

Tengeneza kalenda ya mwezi ya muhula mzima na usiivunje. Mwezi mpevu hurudi kila baada ya siku 29 na nusu, huchomoza karibu na machweo, na kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku ya tano baada ya mwezi mpevu unachomoza kama saa 5 usiku. Kosa la kawaida ni kuweka mwezi mpevu sura ya 6 na mwingine sura ya 9, huku baina yake zimepita wiki mbili.

Ziwa halina kupwa na kujaa kama bahari. Waandishi wenye mazoea ya pwani husahau: wanaacha maji yafute nyayo au yanyanyue mtumbwi. Hapa nyayo za mchangani zitafutwa na mawimbi ya upepo, ng'ombe walioletwa kunywa maji, au wanawake waliokwenda kuchota. Ukitaka mtumbwi uondoke wenyewe, usababishe kwa dhoruba, na dhoruba iwe na majira yake. Juni hadi Agosti ni kiangazi chenye upepo mkali wa kusini-mashariki. Mvua za vuli huanza Oktoba. Mwanafunzi wa kidato cha tano anaporipoti Julai, una miezi mitatu ya ardhi kavu isiyoshika alama, kisha matope yanaanza kusema.

Upepo una kazi nyingine. Mchana huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Kwa hiyo harufu ya dagaa walioanikwa mwaloni kuingia darasani saa 9 alasiri ni jambo la kila siku. Harufu ya samaki kuingia bwenini saa 8 usiku, upepo ukielekea majini, ina maana inatoka ndani ya uzio. Kidokezo hiki ni kitamu kwa sababu msomaji ameshakinusa sura nne nyuma na kukizoea.

Kisha kuna kichocho. Shule inakataza wasichana kukanyaga majini, na sababu ni ya kweli kabisa: konokono wanaobeba vimelea wanakaa kwenye maji tulivu yenye majani. Marufuku yenye sababu ya kweli na sababu ya siri kwa pamoja ni bora kuliko marufuku ya kijinga. Mtu aliyeingia majini anaweza kuwashwa miguu ndani ya siku moja, na daftari la zahanati likaonyesha nani alipewa dawa ya kichocho ambaye hana shughuli ya ziwani. Usiandike amekojoa damu: kichocho cha pembeni mwa ziwa ni cha tumbo, na damu ikionekana huwa kwenye choo kikubwa.

Majabali nayo yachunguze kwa macho yako. Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, kiko karibu kabisa na mji na kina miamba ya namna hiyo hiyo. Angalia mianya inayopitisha mtu na isiyopitisha. Ona michirizi myeupe chini ya mawe: ni pimbi, hujisaidia mahali pale pale kila siku. Mpelelezi akidhani ni chokaa iliyomwagika, una kidokezo cha kupotosha cha bure.

4. Kupanda vidokezo

Vidokezo kumi vinatosha: sita vya kweli, vinne vya kupotosha. Kila cha kweli kionekane mara mbili kabla ya sura ya 24, na angalau vitatu viwe vimeshapita mbele ya macho ya msomaji kufikia sura ya 10. Ukivirundika mwishoni, hakuna fumbo, kuna taarifa tu.

Mbinu ya kuficha ni kukiweka kidokezo katikati ya orodha, kisha kumalizia na kitu kinachovuta jicho:

*Mama Kabula alikuwa akisugua sufuria la makande huku analalamika: kuni mbichi, umeme wa maabara ya zamani kuisha tena kabla ya mwisho wa mwezi, na paka kuzaa ndani ya gunia la maharage. "Watano, wanangu! Njooni muwaone hawajafumbua macho."*

Wasichana wanakimbilia paka, na msomaji anakimbia nao. Maabara iliyofungwa inayokula umeme imebaki pale kwenye mstari wa pili.

Umeme huo unatoa pia upotoshaji mzuri. Mpelelezi anaokota kikaratasi chenye tarakimu 20, zimegawanywa nne nne. Anahangaika nazo sura nzima akidhani ni maandishi ya siri, anajaribu kuzigeuza kuwa herufi, anashindwa. Rafiki yake anayemsaidia mama yake dukani anacheka: hiyo ni LUKU, namba ya umeme wa kulipia kabla. Msomaji anaona sura imepotea bure. Sura sita baadaye mpelelezi anakumbuka kwamba chini ya tarakimu palikuwa pameandikwa uniti ngapi, na namba ya mita haikuwa ya bwalo wala ya mabweni. Upotoshaji bora kabisa ni ule unaogeuka kuwa ushahidi.

Majina pia yanasema, ila yatumie mara moja tu. Usukumani mapacha huitwa Kulwa na Doto, na anayewafuata huitwa Shija. Msichana aitwaye Shija anayejitambulisha kuwa ndiye mzaliwa wa kwanza kwao anaficha ndugu. Kwa wasomaji wasiojua, mpe mama wa jikoni nafasi ya kulitaja jambo hilo mapema kuhusu familia nyingine kabisa, ili mwishoni, Doto mwendesha mtumbwi anapojulikana kuwa ndugu yake, pasiwe na wa kulalamika.

Kuna vitu visivyofaa kuwa mapambo. Mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi, mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, ajali ya MV Bukoba ya 1996 na ya MV Nyerere ya 2018: Kanda ya Ziwa ina watu wanaobeba majeraha hayo leo. Kama mhusika alifiwa na mzazi kwenye MV Nyerere, fanya hesabu ya umri wake vizuri (aliyekuwa na miaka 10 Septemba 2018 ana 17 mwaka 2025) na huzuni yake iathiri anachofanya. Vinginevyo iache. Mapepo ya bwenini unaweza kuyatumia, shule nyingi zimeyaona, lakini wasichana wanaoanguka wasiwe vichekesho. Kinachovutia ni nani kwenye uongozi anayefurahia shule nzima kuogopa kupita karibu na maabara ya zamani usiku.

5. Watu wasemao uongo

Washukiwa watano, kila mmoja na uongo wake, na uongo wa mmoja tu ndio unaohusu siri. Mlinzi anaficha kwamba hulala. Matroni anaficha kwamba hupokea hela ili wasichana wapige simu. Kiranja mkuu anaficha kwamba alisaini daftari la kuhesabiwa bila kuhesabu. Mkuu wa shule anaficha deni la shule. Msimamizi wa stoo peke yake anaficha mabondo, na ndiye mpole kuliko wote, anayewagawia njuka, yaani wanafunzi wapya, sukari ya uji.

Mpelelezi awe njuka wa kidato cha tano. Hajui mahali, kwa hiyo ana haki ya kuuliza, na msomaji anajifunza pamoja naye. Akiwa kipanga (mwenye akili sana) wa fizikia anayeogopa maji, ziwa litamgharimu. Simulizi iwe ya nafsi ya kwanza au ya tatu inayomfuata yeye tu. Ukiingia kichwani mwa msimamizi wa stoo hata aya moja ukaficha anachokiwaza, umemdanganya msomaji.

Mazungumzo yafuate ngazi za shule. Mwalimu wa kike huitwa madam, wa kiume sir au ticha; mpishi ni mama, mlinzi ni mzee au babu, na kwao shikamoo haikosi. Kati yao wasichana huongea vingine kabisa, kwa kilaza (asiyeyaweza masomo), kipanga, njuka na kutoroka. Kisukuma kidogo kinanogesha: mama wa jikoni akimsalimia mwenzake "Mwangaluka, mayu" inatosha. Kubadilisha r na l kwenye kila neno la mhusika Msukuma ni dhihaka, na wasomaji wako wengi wanatoka huko.

6. Sura, rasimu na majaribio

Sura 30 za maneno kama 1,500 zinatoa maneno 45,000. Kwenye ukubwa wa A5, ukurasa ukibeba maneno 280 hadi 300, unapata kurasa 150 hadi 160. Mgawanyo unaofanya kazi: sura 1 hadi 6 tranka na kuijua shule, 7 hadi 15 kufuata njia isiyo sahihi, sura ya 15 mshukiwa mkuu anaonekana hana hatia, 16 hadi 23 mpelelezi anapoteza kitu, rafiki au nafasi yake shuleni, 24 hadi 28 jibu na hatari, mbili za mwisho matokeo. Kiranja wa maabara apatikane hai, kwa shangazi kisiwani Ukara, amenyang'anywa simu.

Jibu lipatikane kwa kufikiri. Dhoruba, mlinzi kuingia ghafla, mhalifu kuteleza: hivyo vinaweza kuongeza hatari, lakini visitoe jawabu. Na mtu mzima mmoja mwaminifu awepo wa kupelekewa ushahidi, maana msichana wa miaka 17 hawezi kumkamata mtu. Jina lake lionekane kabla ya sura ya 12.

Rasimu ikikamilika, wape wasomaji watano wa umri wa sekondari, lakini uwape sura 23 za kwanza tu. Kila mmoja aandike kwenye karatasi anamshuku nani na kwa nini, bila kuambiana. Wote wakimtaja msimamizi wa stoo, umempaka upole kupita kiasi, punguza sukari. Asipotajwa na yeyote, ongeza kidokezo kimoja sura ya 18. Wawili kati ya watano ndiyo kipimo kizuri. Wakimtaja kwa sababu usizozipanda, ziandike sababu hizo, huenda ni bora kuliko zako.

Kisha soma mswada mara moja kwa ajili ya kalenda peke yake, ukiwa na ratiba, ramani na kalenda ya mwezi mezani. Husomi lugha wala hisia, unakagua tu nani alikuwa wapi saa ngapi. Makosa mengi utayakuta kwenye Jumapili na siku za kutembelewa, ratiba inapobadilika na mwandishi akasahau.

7. Kuutoa mswada

Ukichapa mwenyewe, namba ya ISBN huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na idadi ya kurasa ifanye igawanyike kwa 16, maana ndivyo karatasi za chapa hukunjwa. Kurasa 160 zinakaa sawa, 163 zinakulipisha karatasi tupu. Kama bado hujawahi kuchapisha, fuatilia matangazo ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, usome masharti ya mwaka husika kuhusu urefu na umbizo kabla ya kutuma.

Ramani ya shule iwekwe mwanzoni mwa kitabu, upande wa kushoto, na ichorwe kama ambavyo mwanafunzi mgeni angepewa siku ya kuripoti. Maabara ya zamani iandikwe "Stoo", njia ya ziwani isionyeshwe kabisa, na picha ya jalada isiwe na mtumbwi.